Nafuu ya Mgeni: Somo la Gede kwa Wanaotamani China

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini mtu aliyezaliwa na kulelewa Milan au Torino, mwenye malipo yake ya uzeeni, huamua kuja kumalizia maisha yake katika nyumba ya makuti kando ya barabara ya Gede kwenda Watamu? Na je, umewahi kujiuliza kama mwanao, aliyelelewa papa hapa Gede, anaweza naye kwenda kuishi katika mji mdogo wa China na kupata nafuu iyo hiyo?

Kwa juu juu, haya ni maswali mawili tofauti. La kwanza ni la mzee wa Kizungu, la pili ni la kijana wa Kimijikenda au wa Kiswahili aliyemaliza kidato cha nne. Lakini ukiyachunguza utaona kwamba ni swali moja tu: maisha ya ugenini huwa nafuu kwa nani, na kwa sababu gani?

Swali hili si la mchezo. Siku hizi si ajabu kusikia familia imekaa kikao, ikakubaliana kuuza kipande cha shamba ili mtoto apelekwe China kusoma au kutafuta kazi. Wengine wamefanikiwa. Wengine shamba limekwenda na mtoto hakufika popote. Kabla yako hujafikia uamuzi kama huo, hebu tujifunze kwanza kutokana na wageni tulio nao hapa nyumbani.

Walikujaje?

Wazungu wa Malindi na Watamu hawakuanza na hoteli peke yake. Miaka ya 1960 serikali ya Italia ilijenga kituo cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kinachojulikana kama San Marco. Satelaiti ya kwanza kurushwa kutoka kwenye jukwaa lake la baharini iliondoka Aprili 1967. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa nyingine iliyopewa jina la Uhuru. Mirusho hiyo iliendelea hadi mwaka 1988.

Wahandisi na mafundi wa Kiitaliano waliokuja kufanya kazi hapo waliipenda bahari, wakapenda hali ya hewa, na waliporudi kwao wakawasimulia ndugu na marafiki. Watalii wakafuata, kisha wenye hoteli, kisha wenye mikahawa ya piza na aiskrimu. Hatimaye wakaja wale ambao hawakuwa watalii wala wafanyabiashara, bali wastaafu waliotaka tu kuishi. Ndiyo maana leo ukipita Malindi au Watamu utamsikia kijana wa pwani ambaye hajawahi kupanda ndege akizungumza Kiitaliano kama maji ya kunywa.

Wengi wao wanapenda kukaa ufuoni. Lakini wapo wanaovutwa na Gede yenyewe, kwa kuwa ni njia panda. Kilomita chache upande wa bahari uko Watamu, na kilomita kama 15 kuelekea kaskazini uko Malindi. Soko liko karibu, msitu wa Arabuko-Sokoke uko mlangoni, na mtu akitaka utulivu anaupata.

Hesabu ya nafuu

Sasa tupige hesabu. Sheria ya Kenya ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inatoa kibali cha daraja K kwa mgeni mwenye umri wa miaka 35 na zaidi ambaye ana mapato ya uhakika kutoka nje ya nchi. Mapato hayo hayapaswi kupungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Sharti lingine ni kwamba mgeni huyo haruhusiwi kuajiriwa hapa.

Dola 24,000 kwa mwaka ni dola 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa kama shilingi 129, kwa hiyo hizo ni kama shilingi 258,000 kila mwezi. Huko Italia, mzee mwenye kipato kama hicho hulipa kodi ya nyumba, umeme, na gesi ya kupashia nyumba joto miezi ya baridi, na kinachobaki si kingi. Hapa Gede fedha zizo hizo zinatosha nyumba yenye kiunga, mpishi, mlinzi na mtunza bustani, na bado samaki anakuja mlangoni akiwa mbichi.

Lakini muulize mama anayempikia mzee huyo kama Gede ni mahali pa gharama nafuu! Unga anaununua kwa bei ya duka lile lile. Karo ya shule haipunguzwi kwa kuwa anaishi karibu na bahari. Naye mshahara wake unatoka papa hapa.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza, msomaji. Nafuu haiko mjini. Nafuu imo katika tofauti ya mahali pesa zinakotoka na mahali zinakotumiwa. Mgeni anayelipwa Ulaya na kula Gede ana nafuu. Angelazimika kutafuta riziki yake Gede, angelia pamoja nasi.

Sahani zilizotoka mbali

Tuivuke bahari sasa. Watu wa Gede wana haki zaidi ya wengi kuizungumzia China, kwa maana China ilifika hapa zamani sana.

Ukiingia katika magofu ya Gede, ambayo Shirika la UNESCO liliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, utakuta nyumba zilizopewa majina kutokana na vitu vilivyochimbuliwa ndani yake. Kuna nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya ushanga wa Venice, nyumba ya bakuli la kaure, na nyumba ya sarafu za Kichina. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alikusanya vipande vingi vya vyombo vya kaure kutoka China. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, lakini vyombo hivyo vinaonyesha kwamba wenyeji wake walifanya biashara na dunia nzima. Na mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, mnyama aliyewashangaza watu wa huko kupita kiasi.

Vyombo vile vilitoka wapi? Vile vya rangi ya kijani vilitengenezwa Longquan, katika jimbo la Zhejiang. Vile vyeupe vyenye michoro ya buluu vilitengenezwa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi. Miji hiyo ingalipo hadi leo, na bado inafinyanga na kuchoma kaure.

Tuchukue Jingdezhen kama mfano wetu. Kwa Wachina huo ni mji mdogo, ingawa wilaya yake nzima ina watu kama milioni 1.6, wengi kuliko kaunti ya Mombasa. Kodi ya nyumba na chakula huko ni chini sana ikilinganishwa na Beijing au Shanghai. Kwa sababu hiyo wasanii kutoka sehemu nyingine za China na kutoka nchi za nje wamehamia huko, wakakodi vyumba na karakana, wakaishi kwa kufinyanga. Mwaka 2016 kiwanda kikuukuu cha kaure kiligeuzwa kuwa mtaa wa karakana, maduka na maonyesho unaoitwa Taoxichuan. Kipo pia chuo kikuu cha kaure kinachopokea wanafunzi wa kigeni.

Wageni hao wanafanana sana na Wataliano wetu. Wengi wao huleta akiba kutoka kwao, au huuza kazi zao nchi za nje. Lakini kuna tofauti moja kubwa: China haina kibali cha wastaafu kama hiki cha kwetu cha daraja K. Anayetaka kukaa huko lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile masomo, kazi, biashara au familia.

Maisha ya kila siku

Kwa mtoto wa Kikenya, mlango ulio wazi zaidi ni masomo. Serikali ya China hutoa ufadhili unaolipa karo, malazi na bima ya afya, pamoja na posho ya kila mwezi: yuan 2,500 kwa anayesoma shahada ya kwanza, 3,000 kwa shahada ya pili na 3,500 kwa udaktari. Mwaka 2025 yuan moja ilikuwa kama shilingi 18, hivyo yuan 2,500 ni kama shilingi 45,000. Katika jiji kubwa posho hiyo hubana. Katika mji mdogo, kwa anayelala bwenini na kula katika bwalo la chuo, inatosha, na mwenye nidhamu anaweza kuweka akiba kidogo.

Umeona, msomaji? Ni hesabu ile ile ya mzee wa Watamu. Mwenye ufadhili ana fedha zisizotegemea soko la mji anaoishi. Asiye na ufadhili, anayetegemea kutumiwa shilingi kutoka Gede, amepinduliwa juu chini: pesa zinatoka mahali penye kipato kidogo na kutumiwa mahali penye gharama kubwa zaidi. Huyo kwake hakuna mji wa bei nafuu.

Mengine yako sawa na ya kwetu. Wali ni chakula cha kila siku. Choo cha kuchuchumaa hakitamshangaza mtoto wa pwani. Kulipa kwa simu ni jambo la kawaida huko, na sisi tulianza M-Pesa mwaka 2007. Kwa Muislamu, hoteli ndogo za tambi za wenyeji wa kaskazini magharibi, zenye maandishi ya kuonyesha kwamba chakula ni halali, zimeenea karibu kila mji.

Lakini yapo yatakayomtoa jasho, au tuseme yatakayomtetemesha. Kusini mwa mto Huai, serikali ya China haikuweka mfumo wa kupasha majengo joto kama ilivyofanya kaskazini. Jingdezhen na Longquan ziko kusini. Baridi yake si ya barafu nyingi, lakini ni baridi ya unyevunyevu inayoingia hadi ndani ya chumba, na mtoto aliyezoea jua la Gede atalala na koti. Pilipili ya Jiangxi nayo si ya utani.

Halafu kuna lugha. Katika mji mdogo, daktari, mwenye nyumba na polisi aghalabu hawajui Kiingereza. Mwanafunzi asijidanganye kwamba atajifunza akifika. Hapa Kenya mafunzo ya Kichina yapo. Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa Desemba 2005. Miezi michache ya masomo kabla ya safari inaweza kumwondolea mtu mwaka mzima wa upweke.

Na wazazi, jambo hili mlisikie mapema: WhatsApp, Facebook na Google zimefungwa nchini China. Mtoto akinyamaza wiki ya kwanza si lazima awe amepotea au amewasahau. Kubalianeni kabla hajaondoka mtatumia njia gani kuwasiliana.

Karatasi kwanza

Hapa ndipo wengi huangukia. Mwanafunzi anayekwenda kwa masomo ya muda mrefu hupewa viza ambayo, akishafika, anatakiwa kuibadilisha iwe kibali cha kukaa ndani ya siku 30. Akiishi nje ya hoteli, lazima aandikishe anwani yake kwa polisi katika muda wa saa 24. Muda wa viza ukipita, anaweza kutozwa faini ya yuan 500 kwa kila siku, hadi yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini kwa siku kati ya 5 na 15.

Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi pasipo idhini ya chuo na ya idara ya uhamiaji. Anayefanya kazi kinyume cha sheria hutozwa kati ya yuan 5,000 na 20,000. Hiyo ya mwisho ni kama shilingi 360,000, na kosa likiwa kubwa anafungiwa kisha anarudishwa kwao.

Kwa hiyo ajenti akikuambia, "Mama, mtoto aende tu kwa viza ya matembezi, kazi ya kufundisha Kiingereza atapata huko huko," mwonyeshe mlango. Kibali cha kufundisha lugha kwa kawaida hutolewa kwa mwenye shahada na uzoefu, na tena raia wa nchi ambako lugha hiyo ni ya kuzaliwa. Mkenya aliyemaliza kidato cha nne hayumo katika hesabu hiyo.

Mji mdogo pia una upweke wake. Katika jiji kubwa Wakenya watakutana, watachanga, watazikana. Kutoka Jingdezhen hadi ubalozi wetu Beijing ni zaidi ya kilomita 1,000. Na shida haipigi hodi. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika kadhaa katika jiji la Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wakiishi, wengine wakalala nje. Ikiwa hayo yalitokea katika jiji lenye Waafrika wengi, mtu aliye peke yake katika mji mdogo anahitaji zaidi kuwa na makaratasi safi, akiba ya nauli ya kurudi, na jirani anayemjua kwa jina.

Shamba lisiwe nauli

Sasa turudi Gede, kwa sababu hapa ndipo nyuzi hizi mbili zinapokutana. Mara nyingi anayetafuta fedha za kumpeleka mtoto ng'ambo na mgeni anayetafuta mahali pa kujenga hukutana kwenye kitu kimoja, nacho ni ardhi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkataba ukiandikwa miaka mingi zaidi, sheria itauhesabu kuwa miaka 99. Shamba la kilimo lina masharti magumu zaidi: uuzaji wake unahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo lako, na maombi yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Kama ni makao ya ndoa, mke au mume lazima akubali.

Ndiyo maana baadhi ya wageni hutumia jina la rafiki, mpenzi au mfanyakazi kuandikisha ardhi. Njia hiyo imewaliza wengi. Mzungu hujenga, kisha uhusiano ukivunjika hana hati yoyote yenye jina lake. Na mwenyeji aliyekubali kutumiwa jina hujikuta mahakamani akigombea kitu ambacho hakukinunua. Kama kuna mtu katika familia yako ameombwa kutoa jina lake, mpelekeni kwa wakili kabla hajatia sahihi.

Kwa wenye shamba, ushauri ni huu. Ardhi ya kurithi ni akiba ya watu wengi, wakiwemo wasiozaliwa bado. Nauli na ada ya ajenti ni gharama ya siku moja. Mtoto akiwa na barua ya ufadhili wa kweli kutoka chuoni, gharama zinazobaki aghalabu ni pasi, viza, uchunguzi wa afya na tikiti ya ndege, na hizo zinaweza kupatikana kwa harambee ya ukoo, chama cha akina mama au mkopo wa ushirika. Ikiwa safari haiwezekani bila ya kuuza shamba, huenda safari yenyewe haijaiva.

Mgeni ni mtu wa watu

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watazame wageni waliokaa Gede na Watamu wakazeeka kwa heshima. Utaona wana mambo yanayofanana. Walijifunza Kiswahili, hata kama ni cha kupindapinda. Vibali vyao havipitwi na muda. Wanalipa wafanyakazi tarehe ile ile kila mwezi. Jirani akifiwa wanaonekana matangani. Siku wanapougua, kuna anayebisha mlango.

Watazame na wale walioshindwa. Waliishi ndani ya ukuta, wakazungumza na wenzao tu, wakadhani nafuu ya bei ni nafuu ya maisha. Safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa Machi 2020 hadi Agosti mosi, ndipo wengine walipogundua kwamba hawajui hata jina la mtu anayeishi ng'ambo ya barabara.

Somo hilo halibadiliki ukivuka bahari. Huku tunamwita mgeni mzungu. Huko mwanao ataitwa laowai, na watoto watamtazama nywele na ngozi kama watoto wetu wanavyowatazama wengine. Akikasirika kila siku, atarudi amenyauka. Akijibu kwa salamu ya Kichina na tabasamu, kesho watamjua kwa jina.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujalipa hata shilingi moja, kaa na kijana wako jioni mmoja na umwulize maswali matano. Pesa za kila mwezi zitatoka wapi? Viza ni ya aina gani, na inamruhusu kufanya nini? Chuo kimeandika barua, na barua hiyo imehakikishwa na chuo chenyewe, si na ajenti? Lugha ameanza kujifunza? Na nauli ya kurudi iko wapi?

Akiyajibu yote, mpe baraka zako na koti zito. Akishindwa hata na moja, mwambie angoje. China haihami, na shamba likishauzwa halirudi.